Kinyama Kilichozikwa Migombani

Mimi ni fundi cherehani, na watu wa Nyamahanga watakwambia kwamba mdomo wangu unakata kuliko mkasi wangu. Sikatai. Lakini hebu nieleze jinsi titi la mdogo wangu lilivyobaki kidogo tu likatwe bila majibu ya kipimo, halafu mniambie kama ilinipasa ninyamaze.

Mdogo wangu ameolewa Keza, upande wa Ngara, na ana watoto watatu. Mimi niko huku Biharamulo, kwa hiyo habari zake hunifikia kwa simu, na simu za kule zina tabia ya kukatika mtu anapofika kwenye jambo lenyewe. Siku aliyonipigia nilisikia "dada, kwenye titi," kisha kimya. Nilishinda nimeikodolea macho simu, gauni la mteja limebaki bila mikono. Alipopatikana tena akanieleza kwamba alikuwa anaoga, akagusa kitu kigumu upande wa kushoto, kama harage ambalo halijaiva. Hakikuwa kinauma. Zahanati walimwandikia aende hospitali.

Hospitali yenyewe siitaji, maana wanaofanya kazi pale ni wengi na aliyeniudhi ni mmoja. Daktari wa upasuaji alimpapasa, akampiga altrasaundi, akasema anaona dalili mbaya. Wakachukua kinyama. Walimpiga ganzi, wakakata kipande kidogo cha ule uvimbe, wakakitia kwenye chupa yenye dawa inayonuka mpaka machozi yanatoka, ili kikapimwe Mwanza, kwa sababu pale hakuna mtaalamu wa kupima vinyama. Mpaka hapo sina ugomvi na mtu.

Baada ya hapo tukawa tunasubiri majibu. Nilipiga simu kila nilipokuwa na salio. Mdogo wangu alisema majibu bado, mume wake ambaye ni shemeji yangu alisema majibu bado, na mimi nikashona nikiwa na moyo mzito, nikakosea vipimo vya sare za watoto wa watu. Wiki zikapita. Kisha siku moja mdogo wangu akanipigia, sauti imekuwa ndogo, akasema ameambiwa aende Jumatatu akiwa hajala kitu, watamkata titi lote.

Nikamuuliza majibu yamesemaje. Akasema hayajaja.

Loo! Nilifunga cherehani hapohapo, nikamwachia jirani funguo, nikapanda gari la Ngara. Njia nzima nilikuwa nagombana na daktari kichwani, na kila mara nilikuwa namshinda.

Nilimkuta ofisini kwake. Ni kijana kwangu, alitakiwa aniamkie, lakini koti jeupe halisemi shikamoo. Nikamsalimia mimi, vizuri tu, maana nililelewa. Nikamwambia mimi ni dada wa mgonjwa fulani, nataka kujua kwa nini anakatwa kabla majibu ya Mwanza hayajarudi. Alijibu huku anaandika mambo yake mengine. Alisema ugonjwa huu hausubiri, na kwamba watu wa vijijini wanachelewa hadi kidonda kinatoa usaha ndipo wanakuja kulia. Hilo ni kweli, na mimi nimewahi kumzika mtu kwa sababu hiyo. Sikubishana naye. Nikamuuliza tena: na kama siyo saratani?

"Mama, mimi haya mambo nayajua kwa mkono," akasema, na akanionyesha mkono wenyewe.

Nikamwambia mkono wake naheshimu, lakini mimi hata kitambaa cha dukani sikikati bila kuchukua vipimo, na kitambaa nikikiharibu nakinunua kingine. Hapo ndipo akainua uso kwa mara ya kwanza. Akacheka kidogo. Nafikiri aliona amepata utani mzuri.

"Kumbe wewe ni fundi," akasema. "Basi utamshonea la kitambaa."

Jamani. Mimi nawashonea wanawake kwa zaidi ya nusu ya umri wangu. Nimewapima waliojifungua jana na waliokoma kuzaa kabla sijazaliwa. Najua mwanamke anavyosimama mbele ya kioo anapojaribu blauzi, anavyojigeuza upande, anavyoshika kifua chake bila kujua kwamba anakishika. Na huyu mtoto wa watu, aliyenyonya kama wengine, ananiambia nishone la kitambaa. Nikashika ukingo wa meza ili mikono yangu ipate kazi.

Nikamuuliza, majibu yamekwama wapi? Akapekua, akasema Mwanza hawajapokea kitu chochote chenye jina la mdogo wangu. Kisha akasema neno lililonimaliza nguvu: chupa walipewa ndugu wenyewe waipeleke. Hivi ndivyo wanavyofanya pale. Hawana gari la kupeleka vinyama, kwa hiyo kinyama cha mgonjwa kinatembea na ndugu wa mgonjwa, kwa basi, kama kuku. Nikamwambia asimguse mdogo wangu mpaka nirudi. Akasema nisipomleta Jumatatu, yeye asilaumiwe.

Nikachukua pikipiki hadi Keza.

Nilipofika nilimwita shemeji yangu na mdogo wangu tukakaa uani. Nikauliza chupa iko wapi. Shemeji alishangaa. Siku ile ya kukatwa kinyama yeye alikuwa mnadani, akajua hospitali wameshaituma. Mdogo wangu alikuwa amelala kitandani na kichwa kinamzunguka, akajua mume wake ameipeleka stendi. Yaani wote wawili walikuwa wanasubiri majibu ya kitu ambacho hakuna aliyekituma! Nikasema maneno hapo ambayo siyaandiki. Aliyebaki ni mmoja tu, aliyemsindikiza mdogo wangu siku ile, naye ni mama mkwe wake.

Huyu mama ni Mhangaza wa hapohapo, Mkatoliki wa siku nyingi, mkulima ambaye mgongo wake umepinda kwa jembe. Kiswahili chake ni cha sokoni, cha bei na salamu, basi. Alikuwa jikoni anachambua maharage. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, nikamuuliza kwa Kihangaza, lugha ya kule ambayo naijua, habari za ile chupa aliyopewa na nesi. Hakusita. Alisema ameizika.

Nikadhani sikusikia. Nikamuuliza tena, akaniangalia kwa huruma, kama mtu anayemwangalia mgeni asiyejua adabu za nyumba. Akaeleza taratibu. Nesi alitoka na chupa, akamkabidhi, akasema hii ni ya mgonjwa wenu, mwende nayo, akarudi ndani. Yeye akaifunga kwenye kanga, akaja nayo nyumbani, akaizika migombani nyuma ya nyumba kabla jua halijazama, mahali palepale alipozika kondo la nyuma la wajukuu zake wote watatu. Kitu kilichotoka kwenye mwili wa mke wa mwanawe hakiwezi kutupwa wala kutembezwa barabarani. Kinazikwa na mama wa nyumba.

Nilianza kumfokea. Nilimwita majina ambayo mtu hamwiti mama wa mwenzake. Mdogo wangu akanivuta nguo. Ndipo nikakumbuka jambo, na hasira yangu ikageuka njia kama maji ya mvua. Hao wajukuu watatu walizaliwa wapi? Katika hospitali ileile. Na kila mara nani alimkabidhi mama huyu mfuko wenye kondo la nyuma, akamwambia hii ni ya mgonjwa wenu, mwende nayo? Manesi wa hospitali ileile, kwa maneno yaleyale, kwenye mlango uleule. Mara tatu amepewa nyama ya mkwewe akaizike, akaizika, akasifiwa. Mara ya nne ajue vipi kwamba hii ni ya kupeleka Mwanza? Kikaratasi kilibandikwa ubavuni mwa chupa, ndiyo, lakini mama huyu hasomi, na hakuna aliyemuuliza kama anasoma. Ingemgharimu nini yule nesi kusema sentensi moja zaidi, polepole, au kumtafuta mtu anayejua Kihangaza, katika hospitali ambayo hata mfagizi anakijua?

Nikaomba tukafukue.

Mama akakataa. Hakupaza sauti, alikataa tu, na mikono yake ikaendelea na maharage. Alisema kilichozikwa hakifukuliwi. Ukifukua, unaiita ardhi idai kingine, na ardhi ikidai haichagui, yaweza kumchukua mtoto. Shemeji yangu, mwanamume mzima mwenye ndevu, akaangalia chini. Nikamwambia achukue jembe. Hakuondoka alipo. Nikasema basi nitachimba mimi, na mama akaniambia kwa upole kwamba mimi siyo wa nyumba ile, na nikigusa migomba yake nisirudi tena Keza.

Mdogo wangu ni mpole toka utotoni, mimi ndiye niliyekuwa nagombana kwa niaba yake. Sasa akainuka, akaenda akapiga magoti mbele ya mama mkwe wake, akaiondoa ile sahani ya maharage akaiweka pembeni.

"Mama," akasema, "anayezikwa ni aliyekufa. Mimi bado."

Hakulia. Yule mama alimwangalia sana, akamshika bega, akalitumia bega lile kujiinulia. Akachukua jembe dogo la kupalilia. Alituambia tukae mbali, kwa kuwa aliyezika ndiye pekee anayeweza kufukua. Akavua kandambili, akajifanyia ishara ya msalaba, akachimba akiwa ameinama, anaongea na udongo kwa sauti ya chini. Chupa ilitoka nzima, kifuniko kimekaza, plasta ya hospitali bado imezungushwa. Kabla ya kufukia akatia konzi ya mtama kwenye shimo ili ardhi isibaki mikono mitupu. Kisha akanikabidhi chupa na kuniambia niende haraka. Nilimwomba radhi kwa yale majina. Akasema hakuyasikia.

Jumatatu mdogo wangu hakwenda kukatwa. Tulikuwa kwenye basi la Mwanza, chupa nimeikumbatia ndani ya ndoo ndogo yenye mfuniko. Shemeji alipigiwa simu na hospitali, akatupigia sisi, akasema daktari amekasirika na kwamba daktari amesoma. Nikamuuliza kama wale wa Mwanza wamesomea kufinyanga vyungu.

Maabara tuliyofika ilikuwa na daktari mwanamke, mpimaji wa vinyama. Aliposikia chupa ilikotoka alijishika kichwa. Alisema nyama ikikaa mno kwenye ile dawa ya kuihifadhi inaweza kuwa ngumu kupimika, lakini watajaribu. Basi wakajaribu. Wakakigandisha kinyama ndani ya nta, wakakikata vipande vyembamba kuliko hariri yoyote niliyowahi kushona, wakavipaka rangi ya kawaida. Tukaitwa. Akasema kwa rangi hiyo haoni vizuri. Vifereji vya maziwa vimebanana na kupindapinda, vinaweza kuwa saratani, na vinaweza kuwa uvimbe usio na madhara unaojifanya saratani. Hata mtaalamu anaweza kudanganyika kwa macho. Nilimfikiria yule bwana mwenye mkono unaojua.

Kuna kipimo kingine, akasema, kina jina refu, immunohistokemia. Nikamwomba anieleze kama anavyomweleza mtu mzima mwenye akili, na akafanya hivyo, Mungu ambariki. Kila kifereji cha titi lenye afya kimezungukwa na safu ya seli, kama urugo wetu, ule uzio unaozunguka nyumba na ng'ombe. Uzio ukiwa umesimama, kilichomo ndani kiko kwake, hakijatoka. Uzio ukiwa haupo, basi ni saratani, imeshaingia mashamba ya watu. Kwa rangi ya kawaida uzio huo hauonekani. Kwa hiyo wanadondoshea kingamwili, ambazo zinatafuta seli za uzio peke yake na kuzing'ang'ania, halafu wanatia rangi, na pale zilipong'ang'ania panakuwa kahawia. Nikaelewa. Mtu yeyote angeelewa. Kumbe jambo hili linaelezeka kwa binadamu, hata kwa mama wa Keza, mtu akitaka kulieleza!

Ilibidi tungoje, maana dawa za kipimo hicho zilikuwa zimeisha na nyingine zilikuwa njiani. Tulikaa kwa binamu yetu. Zilipofika, wakapima, na kinyama kikakataa kushika rangi. Kilikuwa kimekaa mno kwenye dawa. Siku hiyo mdogo wangu alikataa kula. Aliniambia nimrudishe, wakate tu, amechoka kuwa mgonjwa bila ugonjwa. Nilimchukia kila mtu siku ile: nesi, daktari, basi, na hata yule dada mwema wa maabara. Nilikwenda kununua uzi ambao sikuuhitaji ili nipate pa kulilia.

Yule daktari wa maabara hakukata tamaa. Alituambia watachemsha vipande vingine kwa muda mrefu zaidi kabla ya kutia kingamwili, maana joto huweza kukifungua kilichofungwa na dawa. Safari hiyo rangi ilishika. Alituita ndani, akamkalisha mdogo wangu kwenye darubini, akamwambia aangalie mwenyewe. Nilimwona mdogo wangu amekunja shingo, jicho moja amelifumba, midomo imekauka.

"Unaona ile miduara ya kahawia?" daktari akamuuliza. "Huo ndio uzio wako. Umesimama pande zote. Huna saratani."

Mdogo wangu hakuondoa jicho kwenye darubini. Alikaa hapo hadi foleni ikaanza kulalamika. Mimi nililia kwa sauti, bila aibu, mbele ya wageni. Daktari alisema uvimbe wenyewe unaweza kuachwa au kutolewa peke yake kwa mkato mdogo, titi libaki, na awe anachunguzwa mara kwa mara.

Tulirudi kwa yule daktari wa upasuaji tukiwa na majibu. Ningeweza kumtuma shemeji. Nilitaka kuuona uso wake. Akasoma, akageuza ukurasa, akasoma tena, akasema vizuri, mshukuruni Mungu. Basi. Akanyoosha mkono kuita mgonjwa mwingine. Nikamwambia Mungu tumeshamshukuru, yeye ana la kusema? Akaniuliza kwa mshangao, mshangao wa kweli, kosa lake ni lipi wakati hajakata. Nilifungua mdomo wangu ule unaosifika Nyamahanga yote, na mdogo wangu akanishika mkono, akaniambia twende.

Kwenye benchi nje ya mlango alikuwa amekaa mwanamke mmoja wa umri wake, amejifunga kanga mpya, na ndoo ya nguo za kulazwa miguuni. Midomo yake ilikuwa mikavu kama ya mtu ambaye hajala tangu jana. Mdogo wangu akamsalimia, akamuuliza anaumwa nini. Mwanamke akagusa titi lake la kulia. Alisema anaingia chumba cha upasuaji asubuhi hii, daktari amemshika akaona kwamba ndiyo saratani, linatolewa lote.

Mdogo wangu akaketi karibu yake. Akamuuliza kile kinyama chake kilipopimwa Mwanza, majibu yalisemaje.

Yule mwanamke akamwangalia, akaniangalia na mimi, akauangalia mlango wa daktari.

"Kinyama gani?" akauliza.